Mafuta kutoka maji ya kijani: uchambuzi wa kisa cha kikundi kimoja cha pwani ya Mtwara

Kuhusu kisa hiki

Kikundi chenyewe kimekubali kisa chao kiandikwe. Jina la kijiji, la kikundi, la mfadhili na ya wahusika wote nimeyaondoa, na vitu vidogo visivyobadili maana nimevigeuza ili watu wasitambulike. Mimi ni mwalimu wa kemia. Niliitwa kusaidia mradi ukiwa na miezi mitatu, kwa hiyo baadhi ya makosa mtakayoyasoma hapa ni yangu.

Usuli

Kijiji kiko ukingoni mwa ghuba, mkoani Mtwara. Watu wanavua, wanalima mwani kwa kamba, wana mikorosho nyuma ya kijiji, na wachache wanavuna chumvi kwenye mabwawa ya udongo pembeni mwa mikoko. Kikundi kilikuwa na watu kumi na wanne: wanawake tisa wakulima wa mwani, vijana watatu, mwenye boti mmoja, na mzee mmoja mwenye mashamba ya chumvi ambaye mabwawa yake mawili yalikuwa yamelala bila kazi.

Shida iliyowakutanisha ilikuwa mafuta. Mwaka 2022 petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kuna siku boti zilibaki ufukweni kwa sababu hesabu ya samaki haikufika hesabu ya tangi. Kwa watu wa Mtwara jambo hili lina uchungu wake. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015, lakini mashine ya boti haiendeshwi kwa bomba. Kwa hiyo kijana mmoja aliporudi kutoka kwenye mafunzo na kusema kwamba mafuta yanaweza kulimwa kwenye maji ya bahari, walimsikiliza.

Kijana alikuja na jedwali. Limetoka kwenye makala ya kitaalamu ya mwaka 2007 ambayo imenukuliwa sana duniani. Linalinganisha lita za mafuta kwa hekta kwa mwaka: nazi 2,689, mawese 5,950, na mwani mdogo wa majini, kwa makadirio ya wastani, 58,700. Mbele ya watu wanaoishi chini ya minazi, tarakimu hizo hazihitaji maelezo. Mzee wa chumvi peke yake ndiye aliyeuliza kuhusu mibono. Alikumbuka kampuni ya nje iliyochukua ardhi kubwa kule Kilwa kulima mibono ya dizeli, ikaondoka na kuacha mashamba. Akajibiwa kwamba mbono ukitaka uzae vizuri unahitaji ardhi nzuri, mwani huu hauhitaji. Jibu lilikuwa sahihi, na kikao kikaendelea.

Hapo hapo kulikuwa na jambo ambalo halikuonekana. Neno *mwani* kwa wanawake wale tisa lina maana moja: ule unaofungwa kwenye kamba, unaoanikwa, unaonunuliwa kwa kilo. Kijana alikuwa anazungumzia kitu kingine kabisa, vijimea vya seli moja moja visivyoonekana bila hadubini, ndugu wa kile kijani kinachoteleza kwenye kuta za tangi la maji. Mwani wa kamba karibu hauna mafuta, ni asilimia chache tu za uzito wake mkavu. Baadhi ya hawa wa seli moja wanafikia asilimia 20 hadi 50. Wanawake waliweka saini wakiamini wamepata soko jipya la mwani wao. Kijana aliamini wameelewa. Ilichukua miezi miwili mtu kuuliza, "Sasa wetu mtauchukua lini?"

Mfuatano wa matukio

*Mei na Juni.* Mfadhili alitoa fedha za majaribio. Mabwawa mawili ya mviringo mrefu yalijengwa juu ya tuta la shamba la chumvi, kila moja mita 10 kwa 5, kina sentimita 20, yakatandikwa nailoni nzito nyeusi ile ya wafugaji wa samaki. Fundi wa kuchomelea alitengeneza gurudumu la makasia linalozungushwa na mota ndogo ya sola ili maji yasisimame. Maji ya bahari yalivutwa kutoka mkondo wa mikoko kwa pampu ya petroli. Mbegu ilikuwa chupa mbili za maji ya kijani kutoka kwenye bwawa la kutotoleshea samaki. Mbolea za yurea na DAP zikanunuliwa dukani. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa ya kijani kama matembele yaliyosagwa, na watu walikuja kupiga picha.

*Julai.* Niliitwa kwa sababu mavuno yalikuwa hayavuniki. Walikuwa wanachuja kwa shuka. Maji yalipita ya kijani na yalitoka ya kijani, kwa sababu seli hizi zina upana wa elfu chache za milimita na zinapita kwenye tundu la kitambaa chochote. Nilichukua lita moja, nikaichuja kwa karatasi ya maabara, nikaisuuza chumvi, nikaikausha na kuipima. Gramu 0.3.

Hapa naomba tukae kidogo. Kikundi kilikuwa na tangi la lita 1,000 la kuvunia. Ndani ya tangi hilo likijaa kulikuwa na mwani gramu 300, chumvi kama kilo 35, na kinachobaki chote maji. Niliposema hivyo, mzee wa chumvi alicheka mpaka akakaa chini. Akamwambia kijana: "Mjomba, umeishika chumvi kilo 35 unaitafuta robo ya uchafu. Si ungeanika tu?"

*Agosti.* Tulijaribu shabu, ile ya kutuliza maji ya kisima. Kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, inafanya kazi vizuri. Kwenye maji ya bahari ilitaka kiasi kikubwa mno. Tukajaribu mbegu za mlonge zilizotwangwa, zikashusha kidogo na kuacha maji yananuka. Mwishoni mwa mwezi nikapendekeza chokaa. Sababu ni ya kikemia: maji ya bahari yana magnesi, na ukiyafanya kuwa makali kwa chokaa, magnesi hiyo inaganda kama maziwa yaliyokatika na kushuka chini ikiwa imeukumbatia mwani. Tulinunua ya mfuko dukani kwa makusudi, kwa sababu chokaa ya kienyeji pwani hii kwa miaka mingi imechomwa kutokana na matumbawe. Asubuhi ya pili tangi lilikuwa na maji meupe juu na uji wa kijani chini. Tulishangilia.

*Septemba hadi Novemba.* Mavuno 41. Uji ulimwagwa kwenye mikeka ya kuanikia mwani, ukakauka kuwa magamba, ukapondwa. Unga wote ulifika kilo 19. Mama aliyekuwa mtunza hazina aliandika kila kitu kwenye daftari la kurasa mia: yurea, chokaa, petroli ya pampu.

Oktoba tuliupeleka unga kwa mwenye mashine ya kukamua ufuta. Alikuwa na wasiwasi lakini akakubali. Mashine ilimeza kilo mbili, ikakoroma, ikanyamaza. Hakuna tone lililotoka. Alilazimika kufungua parafujo la ndani na kukwangua tope la kijani kwa kisu, saa mbili nzima, na kila gamba alilolitoa alilitupa karibu zaidi na miguu yetu. Ufuta una mafuta karibu nusu ya uzito wake na yamekaa kwenye mbegu unayoweza kuishika kwa vidole. Mafuta ya mwani yamo ndani ya seli zenye ngozi ngumu, na parafujo haina pa kuzishikia.

Novemba tulirudi maabara. Kwa kiyeyusho tulipata, kutoka nusu kilo ya unga, chini ya vijiko viwili vya chakula vya mafuta meusi ya kijani yanayonuka dagaa. Tulipoweka soda kali ili kuyageuza kuwa dizeli, yakawa ute wa sabuni. Mafuta yaliyoanza kuharibika hufanya hivyo. Nililijua hilo kutoka vitabuni, ila sikufikiri kwamba siku za kuanika juani zingetosha kuyaharibu.

*Desemba hadi Februari.* Mvua ya kwanza kubwa ilishusha chumvi ya mabwawa kwa usiku mmoja na rangi ikafifia. Tulianza upya Januari. Mwanzoni mwa Februari bwawa moja liligeuka kutoka kijani kuwa rangi ya chai ndani ya siku tatu. Chini ya hadubini palikuwa pamejaa wadudu wadogo wenye vinywa vinavyozunguka, wanakula mwani wetu kwa utulivu kabisa.

*Machi.* Kikao cha kufunga.

Maamuzi makubwa na sababu zake

Kutumia maji ya bahari ulikuwa uamuzi mzuri na sijaona sababu ya kuulaumu. Kijijini ndoo ya maji baridi inanunuliwa. Mabwawa yenye ukubwa wa mita za mraba 100 yalipoteza mamia ya lita kwa siku kwa jua na upepo wa kusi, na hakuna ambaye angekubali kumwaga maji ya kunywa kufidia hilo. Kutumia mbegu ya hapa hapa badala ya kuagiza aina maarufu kutoka nje pia kulikuwa na busara, kwa sababu iliyozoea joto na chumvi yetu ndiyo iliyoamka.

Kununua yurea ulionekana uamuzi mdogo. Haukuwa mdogo. Kilo moja ya mwani mkavu inahitaji naitrojeni ya karibu gramu 150 za yurea, na katika kilo hiyo, ikiwa na asilimia 20, unategemea gramu 200 za mafuta. Yurea yenyewe hutengenezwa kwa gesi asilia. Nilimweleza hivyo mwenyekiti, akatazama upande wa Msimbati, kwenye visima vya gesi, na kusema, "Kwa hiyo gesi yetu imekwenda safari ndefu ikarudi kama mbolea." Kijana alipendekeza kuunyima mwani mbolea, kwa sababu ni kweli kwamba ukikosa naitrojeni unarundika mafuta zaidi. Ni kweli pia kwamba unaacha kukua. Tulijaribu siku kumi, tukapata maji ya manjano.

Kutumia chokaa ndiko uamuzi wangu, na ulitatua tatizo moja kwa kuzaa jingine. Nilichoma kipande cha unga kwenye maabara: zaidi ya nusu kilibaki majivu meupe. Yaani katika zile kilo 19, mwani wenyewe ulikuwa kama kilo 9. Tulikuwa tumeanika, kuponda na kubeba chokaa.

Uamuzi wa kuacha haukutoka kwangu wala kwa kijana. Ulitoka kwenye daftari. Katika kikao cha Machi mama mtunza hazina alisimama, akasoma: petroli ya pampu, lita 38. Akanigeukia. "Mwalimu, na mafuta tuliyopata ni lita ngapi?" Nilimwambia kwamba kwa ukarimu wote, kama tungeweza kutoa kila tone kutoka kilo zile 9, zingekuwa lita mbili. Akafunga daftari. "Basi mashine hii inakula kuliko inavyozaa." Hakuna aliyeomba kura.

Matokeo

Mafuta ya boti hayakupatikana hata siku moja. Fedha za mfadhili ziliisha, na taarifa ya mwisho iliandikwa kwa ukweli, jambo ambalo mfadhili alilipokea vizuri kuliko tulivyotegemea. Pampu iliuzwa kwa mkulima wa mboga. Mwenye mashine ya ufuta alilipwa kwa kazi ya kusafisha, baada ya kukumbusha mara tatu.

Wanawake watano walijaribu kwa muda mfupi kutengeneza bayogesi kwa pipa la lita 200, wakichanganya mwani wa kamba uliokataliwa na mnunuzi pamoja na kinyesi cha ng'ombe. Gesi ilitoka na ikachemsha chai. Ilinuka mayai viza kwa sababu mwani huo una salfa nyingi, na bila kuuosha chumvi pipa lilikuwa linazimika. Kuosha kunataka maji baridi, na tumekwisha sema kuhusu maji baridi. Wawili bado wanaendelea.

Kilichobaki hai ni bwawa la mzee. Ni moja ya yale yaliyokuwa yamelala, la udongo bila nailoni; maji yakaingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana, kupitia mlango wa ubao kama wanavyofanya wavuna chumvi siku zote, na vifaranga vya mwatiko vilivyokusanywa kwenye mikondo ya mikoko vikawekwa humo. Mwatiko anakula utando wa kijani unaoota chini ya bwawa. Mavuno ya kwanza yalikuwa samaki 212, wengi wakubwa wa sahani, wakaisha sokoni asubuhi hiyo hiyo.

Uchambuzi: kuotesha hakukuwa tatizo

Ukimuuliza yeyote aliyesikia habari hizi kijuujuu atakwambia mradi ulishindwa kwa sababu mwani haukuota. Uliota. Uliota bila mtaalamu, kwa chupa mbili za mbegu na jua la Mtwara. Kazi iliyotushinda ni kuutoa kwenye maji, kisha kuyatoa maji kwenye mwani wenyewe, kisha kuyatoa mafuta ndani ya ngozi yake. Kila hatua kati ya hizo tatu inakula nishati, na tuliziita zote kwa neno moja jepesi, "kuvuna", kama vile ni korosho inayoanguka yenyewe chini.

Wala hatukuwa wa kwanza kugonga ukuta huu. Serikali ya Marekani iliendesha mpango wa utafiti wa mafuta ya mwani kuanzia 1978 hadi 1996, ukafungwa kwa sababu gharama haikuweza kushindana na mafuta ya kisima. Mwaka 2009 ExxonMobil ilitangaza kwamba ingeweka hadi dola milioni 600 kwenye kazi hiyo hiyo. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana kwamba imejiondoa. Kama ningewaambia wanakikundi hayo mwezi wa tatu wa mradi badala ya wa tisa, sidhani wangeacha, lakini wangepunguza idadi ya mifuko ya mbolea.

Jedwali lile la 2007 nalo halikusema uongo. Lilikuwa linakadiria kinachowezekana kwa mfumo mzuri, wenye hewa ya ukaa inayopulizwa ndani (kilo moja ya mwani hunyonya karibu kilo 1.8 za hewa hiyo, na sisi tulikuwa tunategemea ile inayotua yenyewe juu ya maji). Kosa letu lilikuwa kutogawanya. Lita 58,700 kwa hekta kwa mwaka, gawa kwa siku 365, ni karibu lita 160 kwa hekta kwa siku. Mabwawa yetu yalikuwa sehemu moja ya mia ya hekta. Kwa hiyo hata tungekuwa na kila kitu kilichomo kwenye makala, tungepata lita moja na nusu kwa siku, na boti moja inayokwenda nje ya ghuba inataka kumi na zaidi. Hesabu hii inafanyika kwenye simu ya batani. Haikufanyika kwa sababu watu wote, mimi nikiwamo, tulikuwa tunaitazama ile 58,700.

Pampu ni kosa la aina nyingine. Mabwawa yalijengwa juu ya tuta ili nailoni isisombwe, na kuanzia hapo kila lita ya maji ilipandishwa kwa petroli. Mita kumi kutoka pale, mzee alikuwa na milango ya ubao inayojaza shamba lake kwa bamvua bila kulipa senti. Hakuulizwa, alialikwa kama mwenye ardhi tu. Mwatiko wamefanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ujuzi wake ndio uliotumika: maji yanaingia kwa nguvu ya mwezi, na samaki ndiye anayevuna. Ile kazi ya kuchuja seli za elfu chache za milimita, iliyotushinda kwa shuka, shabu, mlonge na chokaa, mwatiko anaifanya kwa mdomo.

Daftari lilifanya kazi kuliko kifaa chochote tulichokuwa nacho. Lakini lilikuwa na safu ya matumizi tu hadi Machi. Kama lingekuwa na safu ya pili, mafuta yaliyopatikana, ikijazwa sifuri kila wiki kuanzia Septemba, nafikiri mama yule angefunga mradi Oktoba.

Limebaki moja ambalo hadi leo tukikutana tunalicheka kwa aibu. Mafuta ya mwani, kama yangepatikana, yangekuwa dizeli. Baada ya kikao cha Machi nilitembea ufukweni na mwenye boti tukihesabu mashine. Kijiji kilikuwa na boti tisa zenye mashine. Saba zilikuwa za kupachika nyuma, za petroli.